Chemsha bongo isiyozua ugomvi: mwongozo kamili wa kutunga maswali na kuendesha shindano

Shindano la maarifa ya jumla likiharibika, lawama huangukia spika, ukumbi au mwamuzi. Mara nyingi kosa lilifanyika wiki mbili kabla, pale mtu alipoandika "Tanzania ilipata uhuru lini?" akaona amepata swali jepesi la kufungulia. Siku yenyewe meza moja inaandika 1961, nyingine 1964, ya tatu inauliza kama Zanzibar imo au haimo, na dakika kumi zinateketea.

Tazama kilichomo ndani ya swali hilo fupi. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 na kuwa jamhuri tarehe 9 Desemba 1962. Zanzibar ilipewa uhuru tarehe 10 Desemba 1963, mapinduzi yakafuata tarehe 12 Januari 1964, na wapo wanaohesabu uhuru wa kweli kuanzia hapo. Muungano ni wa tarehe 26 Aprili 1964, na jina Tanzania likaanza kutumika Oktoba mwaka huohuo. Kwa hiyo nchi iitwayo Tanzania haina siku ya kupata uhuru. Andika "Tanganyika ilipata uhuru mwaka gani?" na mjadala wote unakwisha. Maneno machache tu yamebadilika.

Kazi nzima ya mtunzi wa maswali iko hapo: kuhakikisha kila swali lina jibu moja linaloweza kutetewa mbele ya watu waliokasirika. Mengine yote, vifaa na muda na zawadi, yanajifunzika kwa jioni moja. Mwongozo huu ni kwa anayeandaa shindano la timu nane hivi, ofisini, shuleni, kanisani, madrasa au ukumbi wa mtaa hapa Dar es Salaam, bila bajeti kubwa.

Idadi ya maswali na kiwango cha ugumu

Raundi tano za maswali kumi zinatosha. Hayo ni maswali 50 ya kuulizwa. Tunga 65: kumi ya akiba, mawili kwa kila raundi, na matano ya kuvunja sare. Akiba si anasa. Swali moja litafutwa siku ya shindano, na ukilazimika kutunga jingine papo hapo umesimama na maikrofoni, hilo ndilo litakalokuletea balaa.

Katika kila kumi, matatu yawe ya kupatwa na karibu meza zote, manne ya kupatwa na nusu, mawili ya kupatwa na meza moja au mbili, na moja liwe jiwe, yaani gumu kuliko yote. Lengo ni timu ya wastani iondoke na alama tano hadi sita kwa kila raundi. Zikishuka chini ya nne watu hukata tamaa kufikia raundi ya tatu, wanaanza kupiga soga. Zikipanda juu ya nane, timu zote zinabanana kileleni na mshindi anaamuliwa na kosa la kalamu.

Usianze na jiwe, wala usilimalizie. Liweke nafasi ya sita au ya saba, meza zikiwa zimepata joto. La kumi liwe la wastani ili karatasi zikusanywe watu wakiwa na moyo.

Kiwango cha ugumu hakipimwi kichwani mwako. Wewe umeshajua jibu, kwa hiyo kila swali lako unaliona jepesi. Tafuta watu wanne ambao hawatashiriki, wa umri na kazi tofauti, uwasomee yote 65 kwa sauti siku tano kabla. Lililopatwa na wote wanne ni jepesi, la wawili ni la wastani, la mmoja ni gumu. Ambalo hakuna aliyelipata, na hata baada ya kusikia jibu hakuna aliyesema "kumbe!", litupe. Swali gumu zuri ni lile ambalo aliyelikosa anafurahi kuambiwa jibu lake.

Kutunga: anzia kwenye jibu

Wengi hukaa na kujiuliza "niulize nini kuhusu historia?" Njia hiyo huzaa maswali yaleyale ya vitabu vya darasa la saba. Anza na jibu lenye uzito, kisha rudi nyuma utafute njia ya kuliendea.

Tuseme jibu ni Mary Leakey. Rasimu ya kwanza: "Nani aligundua fuvu la Zinjanthropus?" Meza nyingi zitaandika "Dk. Leakey", nawe hutajua wanamaanisha mume au mke. Wengine wataandika Louis Leakey kwa sababu ndilo jina walilolisikia shuleni. Siku ile Louis alikuwa mgonjwa kambini, na aliyeliona fuvu ni mkewe. Sasa lijenge upya:

"Tarehe 17 Julai 1959, fuvu lililokuja kuitwa Zinjanthropus lilionekana Olduvai. Aliyeliona alikuwa mwanamke aliyefanya utafiti hapo pamoja na mumewe. Andika majina yake mawili."

Swali hili lina sehemu tatu, na karibu kila swali zuri linazo. Kwanza, mahali pa kusimama: tarehe, mji, kitu kinachojulikana. Pili, kitambulisho kinachofunga milango mingine yote, hapa neno "mwanamke". Tatu, ombi lililo wazi: unataka nini hasa, jina moja au mawili, mwaka au tarehe kamili, mji au nchi. Sehemu ya tatu ndiyo inayosahauliwa zaidi. "Fuvu hilo lilipatikana wapi?" linaruhusu Tanzania, Arusha, Ngorongoro na Olduvai, na yote manne ni kweli.

Lisizidi maneno 35. Zaidi ya hapo, kwa mtu anayesikiliza bila kusoma, mwanzo wa swali unakuwa umesahaulika ukifika mwisho.

Mitego ya kila somo

Historia ina mtego wa "wa kwanza". Uliza "Waziri Mkuu wa kwanza ni nani?" na una majibu mawili ya haki: Julius Nyerere kwa Tanganyika, Rashidi Kawawa kwa Tanzania, aliyeshika cheo hicho mwaka 1972. Hata ukisema Tanganyika, kuna atakayekumbuka kwamba Nyerere alijiuzulu Januari 1962 na Kawawa akashika nafasi, akachanganya. Taja nchi na taja mwaka. Kuna pia mtego wa tarehe. Kwamba Stanley alimkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871, hilo halina ubishi. Siku yenyewe waandishi hawakubaliani, basi uliza mwaka au mahali. Azimio la Arusha lilipitishwa na TANU mwishoni mwa Januari 1967 na kutangazwa tarehe 5 Februari. Ukiuliza tarehe, sema "lilitangazwa". Vita vya Waingereza na Zanzibar vya tarehe 27 Agosti 1896 wengine huvihesabu dakika 38, wengine 45. Usiulize dakika. Uliza ni kisiwa gani kilihusika katika vita vinavyotajwa kuwa vifupi kuliko vyote katika historia.

Jiografia inaharibiwa na neno "kubwa" na neno "refu". Mlima mrefu kuliko yote ni Everest, mita 8,849, ukipima kutoka usawa wa bahari. Ukipima kutoka tako lake chini ya bahari, Mauna Kea wa Hawaii unaupita. Ukipima kutoka kitovu cha dunia, kilele cha Chimborazo huko Ekuador ndicho kilicho mbali zaidi. Maneno "kutoka usawa wa bahari" yanatosha kufunga mlango. Maziwa ni hivyohivyo: Ziwa Viktoria ni la kwanza Afrika kwa eneo na ni la pili duniani kwa eneo kati ya maziwa ya maji baridi, nyuma ya Superior la Amerika Kaskazini. Lakini kina chake hakizidi sana mita 80, wakati Tanganyika linashuka mita 1,470 na kuwa la pili kwa kina duniani baada ya Baikal. "Ziwa kubwa" bila kusema kwa eneo, kwa kina au kwa ujazo ni uzembe. Mto mrefu kuliko yote, Nile au Amazon, uache kabisa. Uliza ni mto gani unaomwaga maji mengi zaidi baharini, na jibu ni Amazon bila shaka.

Hesabu ya nchi nayo ina mawili: nchi za Afrika zilizo wanachama wa Umoja wa Mataifa ni 54, wanachama wa Umoja wa Afrika ni 55. Taja umoja unaoukusudia.

Sayansi inataka masharti. "Maji huchemka kwenye nyuzijoto ngapi?" Pwani hapa Dar ni 100 za Selsiasi, lakini kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895 juu, ni karibu 80, kwa kuwa hewa ni nyepesi na mkandamizo umepungua. Andika "usawa wa bahari". Mifupa ni 206 kwa mtu mzima, maana mtoto mchanga ana mingi zaidi ambayo baadaye huungana. Kiungo kikubwa kuliko vyote mwilini ni ngozi. Ukisema "cha ndani", ni ini. Na usigeuze mjadala wa wanasayansi kuwa swali la ndiyo au hapana. Mfano mzuri ni Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba, Lushoto, ambaye mwaka 1963 aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu uliowekwa kwenye friza ukiwa wa moto umeganda kabla ya uliopoa. Baadaye alimuuliza Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. "Je, maji ya moto huganda haraka kuliko ya baridi?" ni swali baya, kwa sababu ubishi wake haujafungwa hadi leo. "Jambo hilo duniani linaitwa kwa jina la Mtanzania gani?" ni swali bora kabisa, na meza zitakazolikosa zitashukuru kulijua.

Sanaa na michezo vina mtego wa uraia. Abdulrazak Gurnah alipata Nobeli ya fasihi mwaka 2021. Ukiuliza "Mtanzania gani alipata Nobeli ya fasihi?" atasimama mtu kusema yule ni raia wa Uingereza, na hatakuwa amekosea. Andika "mwandishi aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1948". Kwa Freddie Mercury, mwimbaji aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946, kubali pia Farrokh Bulsara, jina lake la kuzaliwa. "Mtanzania gani alipata medali ya Olimpiki?" lina majibu mawili, Filbert Bayi na Suleiman Nyambui, wote fedha, wote Moscow 1980. Ongeza mchezo: mita 3,000 kuruka viunzi na maji ni Bayi, mita 5,000 ni Nyambui. Ukitaka jiwe la michezo, uliza mji ambako Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974. Ni Christchurch, Nyuzilandi.

Raundi ya mji wetu inapendwa kuliko zote, na inastahili uangalifu kuliko zote, kwa sababu kila aliyezaliwa Ilala au Temeke anajiona shahidi. Maana ya jina Dar es Salaam usiiulize. Tafsiri ya Kiarabu ni nyumba ya amani, lakini "bandari ya salama" imeenea tangu zamani na wapo wanaoamini jina lilianzia huko. Kijiji cha zamani kilichokuwa hapa kinaitwaje? Mzizima, salama. Jina Kariakoo lilitokana na kikosi gani cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza? Carrier Corps, salama. Sanamu ya Askari ilizinduliwa mwaka 1927. Reli ya TAZARA inaishia mji gani Zambia? Kapiri Mposhi. Edward Saidi Tingatinga alianza uchoraji wake hapa Dar mwaka 1968 kwenye vipande vya mbao za dari, kwa rangi ya kung'aa ya kupakia baiskeli. Swali la rangi hiyo linafaa sana: linawapa wachoraji na mafundi baiskeli nafasi moja ya kuwashinda wasomi. Na kanga usiisahau. Sehemu zake tatu ni pindo, mji, na jina au ujumbe, na utashangaa ni wangapi wanaovaa kanga kila siku wakaikosa moja.

Methali ziwe chache. Nyingi zina sura mbili au tatu kati ya Mrima, Unguja na bara, na kila mmoja anatetea ya bibi yake.

Majibu yanayooza

Kuna majibu sahihi leo yatakayokuwa makosa mwakani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilifufuliwa na nchi tatu, na sasa, baada ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kuingia mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024, ni nane. Mikoa ya Tanzania imekuwa 31 tangu Songwe ilipoundwa mwaka 2016. Sayari zilikuwa tisa hadi 2006, Pluto ilipoondolewa kwenye orodha. Miezi ya Zohali inaongezeka kila darubini inapoboreshwa, kwa hiyo idadi yake usiiguse. Kwenye daftari lako la maswali, weka alama ya "kagua" pembeni ya lolote linalohusu idadi ya wanachama, kiongozi aliyeko madarakani au rekodi ya michezo, na uliangalie upya usiku wa kuamkia shindano.

Lugha ya swali

Kiswahili kinavujisha majibu kwa njia yake. Upatanisho wa kisarufi unaonyesha ngeli, na ngeli inapunguza machaguo. Ukiuliza "Ipi iliyo kubwa kuliko vyote mwilini?" umeshamwambia msikilizaji si moyo wala ini. Tumia nomino ya jumla na uache upatanisho ufuate nomino hiyo: kiungo gani, chombo gani, mnyama gani, kitu gani. Kwa upande mwingine lugha inatusaidia: "yeye" na "alizaliwa" havisemi mume au mke, kwa hiyo unaweza kumficha mtu mpaka utakapoamua mwenyewe kutoa kidokezo.

Saa ni eneo jingine la hatari. Vita vile vya 1896 vilianza saa 3 asubuhi kwa hesabu yetu, na mtu aliyesoma kitabu cha kigeni ataandika 9. Usiulize saa. Ukilazimika, taja asubuhi au usiku na useme unatumia hesabu ipi.

Tangaza tangu mwanzo kwamba jibu kwa Kiswahili au Kiingereza linakubalika, na tahajia haiadhibiwi mradi jina likisomwa kwa sauti linatambulika. "Shekspia" ni alama kamili. Lakini majina ya watu wawili wanaofanana yadai majina mawili, kama tulivyofanya kwa Leakey.

Kuhakiki

Kila jibu lipite vyanzo viwili visivyonakiliana. Tovuti tatu zenye sentensi ileile ni chanzo kimoja. Wikipedia ni mahali pa kuanzia, na programu za simu zinazojibu maswali zinaweza kukosea mwaka kwa ujasiri mkubwa, kwa hiyo hazihesabiwi kama chanzo. Kwa historia ya nchi na ya mji, Maktaba Kuu ya Taifa pale Bibi Titi Mohamed ina vitabu na magazeti ya zamani. Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, yanafaa kwa binadamu wa kale na historia ya pwani. Tenga siku mbili nzima. Kwa maswali 65, tarajia kati ya matano na kumi yatabadilika au kufa hapo, na hilo ni jambo jema.

Kisha andaa karatasi ya mwamuzi yenye safu nne: jibu, majibu mengine yanayokubalika, majibu yasiyokubalika, na ulikolipata pamoja na ukurasa. Safu ya tatu ndiyo yenye thamani kubwa. Ukiwa umeshaandika "Louis Leakey: hapana, alikuwa kambini", mwamuzi hatayumba nahodha akisimama kubisha.

Kagua pia madai yanayozunguka kila mahali na si kweli. Ukuta Mkuu wa China hauonekani kwa macho kutoka mwezini. Binadamu hatumii asilimia kumi tu ya ubongo wake. Einstein hakupewa Nobeli kwa nadharia ya uhusianifu, alipewa ile ya 1921 hasa kwa kazi yake kuhusu mwanga kung'oa elektroni kwenye metali. Ukitumia mojawapo kama jibu sahihi, anayejua ataacha kukuamini usiku mzima.

Vifaa

Rimu moja ya A4 inazidi mahitaji. Kata karatasi katikati, kila nusu ina jina la timu, namba ya raundi na mistari kumi yenye namba. Timu nane kwa raundi tano ni nusu 40 za kukusanya, na nyingine 40 za kubaki mezani. Weka karatasi ya kaboni kati yake ili timu iandike mara moja na kubaki na nakala. Bila nakala, majibu yanaposomwa watu wanakumbuka walichotaka kuandika badala ya walichoandika. Kalamu mbili kila meza, bahasha tano za maswali zilizofungwa, ubao au karatasi kubwa ya alama, saa ya kuhesabu sekunde, na kikapu cha simu katikati ya kila meza.

Umeme ukikatika shindano liendelee. Chapa kila kitu, tumia spika ya kuchaji, na projekta iwe nyongeza ya raundi ya picha tu, huku ukiwa na picha hizohizo zilizochapwa, nakala moja kwa kila meza. Ukumbini jaribu sauti feni zote zikiwa zinazunguka. Feni za dari zinameza herufi, na mtu wa meza ya nyuma atasikia "sitini" mahali pa "sabini". Acha mita moja na nusu kati ya meza na meza, la sivyo minong'ono inasafiri.

Siku yenyewe

Jumamosi, saa 10 kamili alasiri. Mapema zaidi, waliotoka kazini nusu siku wako kwenye foleni na sala ya Alasiri haijapita. Baadaye zaidi, Magharibi inakukuta raundi ya nne. Hesabu ni hii: utangulizi na kanuni dakika 10. Kila raundi, dakika moja kwa swali, yaani kusoma mara mbili kisha sekunde 30 za kuandika, jumla 10. Dakika mbili za kurudia yote kwa haraka. Dakika sita za kusahihisha na kusoma majibu. Raundi tano zinakula dakika 90. Mapumziko 10 baada ya raundi ya tatu, na 10 za mwisho kwa sare na zawadi. Saa 12 kamili watu wanasimama.

Kazi zigawanywe kwa watu wanne na zisichanganywe: msomaji, mwamuzi, na makarani wawili. Msomaji asiwe mwamuzi, kwa sababu anayesimama mbele ya watu hulainika akizomewa. Msomaji ayapitie maswali kwa sauti nyumbani mara tatu, hasa majina ya kigeni. Jina gumu likiwa ndani ya swali liandikwe ubaoni. Asome mara zote mbili kwa maneno yaleyale. Akibadilisha hata neno moja mara ya pili, ametunga swali jipya ambalo halijahakikiwa.

Timu zisisahihishiane karatasi. Inaonekana ni njia ya haraka, lakini huzaa ukali kwa adui na huruma kwa rafiki. Kila karani achukue karatasi nne, kila moja sekunde 30 hadi 40, kisha wabadilishane na kuthibitisha jumla kabla ya kuandika ubaoni. Dakika sita zinatosha ikiwa msomaji anasoma majibu wakati makarani wanafanya kazi. Alama ziwe moja au sifuri. Nusu alama hufungua duka la kupatana bei.

Asiwepo mtu wa kupaza sauti. Mtazamaji akitaja jibu, swali hilo hufutwa hapohapo na la akiba la somo hilohilo linaingia. Fanya hivyo mara moja bila kusita raundi ya kwanza, na halitatokea tena.

Rufaa

Nahodha pekee ndiye anayekata rufaa, kwa maandishi, kabla ya raundi inayofuata kuanza, na timu ina rufaa mbili kwa shindano zima. Ikikubaliwa, anarudishiwa. Mwamuzi ana dakika mbili. Njia zake ni tatu tu: jibu la timu lipo kwenye safu ya pili au lina uthibitisho ulio sawa, basi linakubaliwa na karatasi za timu zote zinapitiwa upya. Au swali lina kasoro, basi linafutwa kwa wote na la akiba linaulizwa. Au rufaa inakataliwa, na sababu inasomwa kutoka safu ya tatu. Asikubali jibu la timu moja bila kurudi kwenye karatasi za wengine. Huko ndiko dhuluma halisi hutokea, kwa timu iliyoandika vilevile lakini ikanyamaza.

Simu isitumike kuamua rufaa mbele ya watu. Kila meza itapata ukurasa unaoitetea.

Kuvunja sare

Usitumie swali la kasi, maana macho ya watu hayakubaliani nani alinyoosha mkono kwanza. Tumia namba ambayo hakuna anayeijua kamili, kila timu iandike kimya, aliye karibu zaidi ashinde, juu au chini. Reli ya TAZARA kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ni kilomita ngapi? 1,860. Kina cha Ziwa Tanganyika ni mita ngapi? 1,470. Mwanga husafiri kilomita ngapi kwa sekunde? 299,792, na hili liwe la mwisho kutumika kwa sababu wengi wanajua laki tatu. Zikiandika sawa, nenda kwenye linalofuata. Kwa hiyo uwe nayo matano.

Wageni wakiondoka, kaa na makarani dakika ishirini zaidi karatasi zikiwa bado mezani. Pembeni ya kila swali andika ni timu ngapi kati ya nane zilizolipata, na jibu la makosa lililojirudia zaidi. Ulilodhani jepesi likapatwa na timu mbili, lihamishie daraja la magumu. Lililopatwa na zote nane mara mbili mfululizo, listaafishe. Majibu ya makosa yaliyojirudia yaingize kwenye safu ya tatu ya karatasi ya mwamuzi, tayari kwa shindano lijalo.